Sumaku za kung'aa hubanduka, nyeusi hazibanduki: kwa nini?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi wa mota hapa Chikongola, Mtwara. Naletewa pampu za maji za sola ambazo sumaku za rota, ile sehemu ya mota inayozunguka, zimebanduka. Nazigandisha kwa supagluu, mwenye pampu anaondoka ameridhika, halafu baada ya mwezi mmoja au miwili anarudi nayo. Cha ajabu, ni zile za kung'aa tu. Sumaku nyeusi za mota za zamani hazijawahi kunisumbua. Kijana mmoja aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA aliniambia hizi za kung'aa husinyaa zikipata moto wakati chuma kinatanuka. Nilimcheka, maana tangu nianze ufundi sijaona chuma kinachosinyaa kwa moto. Je, ana hoja? Na kama ni kweli, kuna metali nyingine za namna hiyo, na naweza kupata kipande nikakitumia?

JIBU: Mwombe radhi huyo kijana, fundi. Ana hoja, tena ameigusa sababu kubwa ya pampu zako kurudi.

Sumaku za kung'aa ni mchanganyiko wa neodimiamu, chuma na boroni, uliopakwa ngozi nyembamba ya nikeli. Zilianza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, Japani na Marekani karibu kwa wakati mmoja. Ukipata karatasi ya vipimo ya kiwanda chochote kinachozitengeneza, tafuta mstari wa kutanuka kwa joto. Kwa chuma cha kawaida mstari huo una namba moja: karibu 12, yaani kila mita moja ya chuma huongezeka maikroni 12 kwa kila nyuzi moja ya joto. Maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa sumaku za kung'aa utakuta namba mbili. Kwa upande ule ambao sumaku inaelekea, kutoka kaskazini yake kwenda kusini yake, ni kama 5 hadi 7. Kwa pande za ubavuni, ni kama −1 hadi −3. Alama ya kutoa hapo haikuchapwa kwa bahati mbaya. Ubavuni, sumaku hiyo ikipata joto hupungua.

Sasa tazama rota yako. Kigae cha sumaku kimewekwa kaskazini yake ikitazama nje na kusini ikitazama shafti, au kinyume chake. Kwa hiyo upande unaotanuka ni unene wa kigae, ambao hauna kazi kubwa na gundi. Uso uliopakwa gundi ndio huo wa ubavuni, unaosinyaa. Chini yake kuna chuma kinachotanuka. Gundi iko katikati, inavutwa na wawili wasiosikilizana.

Tupige hesabu. Kigae cha urefu wa milimita 40, kimegandishwa asubuhi kwenye nyuzi 30, na rota ya pampu iliyo juani inafika nyuzi 100. Tofauti ni nyuzi 70. Chuma chini ya kigae kitaongezeka maikroni 34 hivi, sumaku itapungua karibu maikroni 3. Jumla wanaachana kwa maikroni 36 au 37, yaani 18 kila ncha, kwa sababu katikati ya kigae hakuna kinachosogea. Maikroni 18 ni kitu kidogo sana, hata vernia haikioni. Lakini supagluu ukiibana vizuri hubaki na unene wa maikroni 20 tu. Unaitaka gundi ngumu kama kioo ivutwe kwa ubavu karibu sawa na unene wake wote. Haiwezi. Huanza kupasuka kwenye ncha, ufa unatambaa kuelekea katikati, na kila jua likichomoza na kuzama ufa unaongezeka kidogo. Mwezi mmoja au miwili unaousema ni mizunguko 30 hadi 60, na siku za mawingu pampu huwaka na kuzima mara nyingi zaidi. Juu ya hayo, supagluu ya dukani ikifika nyuzi 80 hivi hulegea hata bila kuvutwa.

Sumaku nyeusi ni za feraiti, aina ya udongo wa kuchoma wenye oksidi ya chuma. Ubavuni hutanuka karibu 10, majirani kabisa wa chuma. Kwa kigae kilekile na joto lilelile, kila ncha husogea chini ya maikroni 3. Ndiyo maana hazikusumbui, hata ukizigandisha ovyo.

Lakini usiitupie joto lawama zote kabla hujakitazama kigae kilichobanduka. Kigeuze, uone gundi imebaki wapi. Ikiwa gundi yote imeondoka na sumaku na chuma kimebaki kitupu, basi chuma hakikusafishwa. Joto limemalizia tu kazi iliyoharibika siku ya kwanza. Ikiwa gundi imepasuka katikati, nusu huku nusu kule, huo ndio mvutano niliokueleza. Na ikiwa gundi imebaki kwenye chuma ikiwa na ngozi inayong'aa juu yake, na tumbo la sumaku limekuwa la kijivu linalovunjika kama chokaa, hiyo ni kutu ya chini ya nikeli. Kwa chumvi ya hewa ya Mtwara hili la tatu ni la kawaida. Nikeli ikishachubuka mahali padogo, unyevu huingia, sumaku inaliwa kutoka ndani na ngozi inainuka. Kigae cha namna hiyo usikigandishe tena. Hakuna gundi itakayokiponya.

Kwa vigae vizima, fanya hivi. Kwanza weka alama ya kila kimoja na mahali pake kabla ya kuking'oa, kwa sababu hupangwa kwa kupishana, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, na kimoja kikigeuzwa mota itatetemeka na kula umeme bila nguvu. Sumaku ndogo uliyoitia nukta ya rangi inatosha kuhakikisha. Usitumie moto wa gesi kung'oa vilivyobaki. Sumaku za daraja la chini kabisa huanza kupoteza nguvu moja kwa moja zikipita nyuzi 80; zenye herufi H mwishoni mwa daraja huvumilia 120, na SH 150. Kwa kuwa mara nyingi hujui umeshika daraja gani, chukulia 80. Tumia asetoni na uvumilivu, au kisu chembamba cha plastiki. Wala usizisage kwa grainda. Vumbi lake huwaka moto, na ukichubua nikeli umeshaita kutu.

Chuma cha rota kisugue kwa msasa namba 80 au 120 mpaka kiwe na mikwaruzo inayong'aa, kisha kipanguse kwa asetoni na kitambaa safi, urudie na kitambaa kingine mpaka kisitoke na weusi. Mafundi wengi huoshea petroli. Petroli huacha mafuta, na gundi haishiki mafuta. Sumaku yenyewe usiisugue msasa, ipanguse tu kwa asetoni.

Gundi iwe epoksi ya mirija miwili, ile inayochukua saa nyingi kukauka na iliyoandikwa kuwa inavumilia nyuzi 120 au zaidi. Ile ya dakika 5 haifai. Hulainika mapema sana kwenye joto. Sasa siri ya kazi nzima ni unene. Gundi ikiwa na unene wa maikroni 150, ule mvuto wa maikroni 18 unakuwa sehemu ya nane tu ya unene wake, na epoksi nzuri inalibeba hilo kila siku. Shida ni kwamba sumaku hujivuta yenyewe kwenye chuma na kuikamua gundi yote nje. Nenda kwa wavuvi pale feri au duka lolote la nyavu, nunua uzi wa nailoni mwembamba wa milimita 0.15. Laza vipande viwili vya uzi huo juu ya chuma, kimoja karibu na kila ncha ya kigae, paka gundi, kisha weka sumaku. Uzi utaizuia isishuke zaidi. Kati ya kigae na kigae weka kabari za plastiki au mti, maana vya jirani huvutana kwa ubavu na vitahama usiku kucha wakati gundi bado laini.

Kabla ya hapo pima nafasi kati ya rota na stata, ile sehemu ya mota isiyozunguka. Mota nyingi ndogo zina milimita 0.5 hadi 1. Ukiinua sumaku kwa 0.15 umekula sehemu ya nafasi hiyo, na ikiwa beringi imechoka rota itagusa. Ikiwa nafasi ni finyu, tumia uzi wa 0.10 na, kama unanunua vigae vipya, chagua vifupi: viwili vya milimita 20 vikifuatana badala ya kimoja cha 40 hupunguza mvuto kwa nusu, bila kuongeza gundi hata tone.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wengi hawalijali. Gundi ikikaukia kwenye nyuzi 30, basi kila joto linaloongezeka linaivuta upande mmoja tu, kuanzia sifuri hadi mwisho. Ikikaukia kwenye nyuzi 60 au 65, rota ikipoa gundi inavutwa kidogo huku, ikipata moto inavutwa kidogo kule, na hakuna upande unaobeba mzigo wote. Kwa hiyo acha rota kivulini kwanza mpaka gundi ishike na isitiririke, halafu iweke kwenye sanduku la bati lililopakwa rangi nyeusi, juani, kuanzia saa tano hadi saa tisa, na kipimajoto ndani. Jua la huku kwetu linatosha. Likipita 70, fungua kifuniko kidogo. Kama rota inazunguka ndani ya stata, malizia kwa kuifunga kwa utepe wa nyuzi za kioo uliolowa epoksi, kwa sababu mzunguko huzivuta sumaku zitoke nje. Kama ni mota ambayo ganda la nje ndilo linalozunguka, kama zile za magurudumu ya pikipiki za umeme, mzunguko huzikandamiza sumaku kwenye chuma, na utepe hauhitajiki.

Sasa, kwa kuwa ulimcheka mtu, ni haki uone kwa macho. Chukua ubapa wa msumeno wa chuma uliokwisha meno, na kibamba cha sumaku ya kung'aa cha milimita 40 kwa 10, unene 2. Kigandishe kwa epoksi kwenye mwisho mmoja wa msumeno, kikilala kwa urefu, na uache kikauke siku nzima. Kaza mwisho huo huo kwenye kipande cha ubao, msumeno ukining'inia wima ili uzito wake usiupindishe, na uweke rula kwenye ncha ya chini. Halafu uzamishe wote kwenye ndoo ya maji ya nyuzi 70, yasizidi hapo. Ncha itasogea milimita moja hadi mbili kuelekea upande wenye sumaku. Chuma kimerefuka, sumaku imekataa, na msumeno umepinda kumfuata aliyekataa. Rudia kwa kibamba cheusi cha feraiti chenye vipimo hivyohivyo: ncha itasogea kiasi cha kukufanya ubishane na rula.

Tuje kwenye kwa nini. Metali yoyote ikipata joto, atomu zake hutikisika zaidi na kusukumana, ndiyo sababu ya kutanuka. Hiyo ni kweli pia kwa sumaku. Lakini ndani ya sumaku kuna jambo la pili. Kila atomu ya chuma ina elektroni ambazo zenyewe ni visumaku vidogo, na ndani ya sumaku, nyingi kati ya hizo zimeelekea upande mmoja. Elektroni zilizoelekea upande mmoja haziruhusiwi kukaa mahali pamoja. Ni sheria ya maumbile isiyo na msamaha. Kwa hiyo hutaka nafasi, na metali nzima inavimba kidogo ili kuzipa. Usumaku hula nafasi, kwa maneno mafupi.

Joto likipanda, visumaku hivyo huanza kuchanganyikiwa mwelekeo, na nafasi iliyokuwa imekopwa inarudishwa. Kwa hiyo metali inasukumwa nje na mtikisiko na inavutwa ndani na usumaku unaokufa. Katika chuma cha kawaida usumaku unakufa mbali sana, kwenye nyuzi 770, na mkopo wenyewe ni mdogo, hivyo huoni kitu. Katika sumaku ya neodimiamu mkopo ni mkubwa na usumaku unakufa kwenye nyuzi 312 hivi, kwa hiyo mvutano huo upo tayari kwenye joto la kazi. Kiwango ambacho usumaku hufa huitwa joto la Curie, kwa heshima ya Pierre Curie aliyelichunguza na kuandika mwaka 1895. Kama nyumbani kuna sufuria la umeme la kupikia wali, lile la kitufe kinachoruka juu wali ukiiva, umeshaliona likifanya kazi: chini ya sufuria kuna kipande cha feraiti kilichochanganywa makusudi kipoteze usumaku joto likipita kidogo nyuzi 100, maji yanapokauka. Kinaachia springi, kitufe kinaruka.

Kwa hiyo mtu akikuambia metali fulani haitanuki, swali la kwanza liwe: kati ya nyuzi ngapi na ngapi? Nje ya mipaka hiyo hakuna metali ya ajabu.

Ya kwanza kujulikana katika ukoo huu ilikuwa inva, chuma chenye nikeli asilimia 36. Aliigundua Charles Édouard Guillaume, Mswisi aliyefanya kazi kwenye ofisi ya kimataifa ya vipimo na mizani huko Sèvres, karibu na Paris, mwaka 1896. Alikuwa anatafuta kitu cha bei nafuu kuliko platini cha kutengenezea mita za mfano. Alichopata kinatanuka karibu 1.2 badala ya 12, sehemu ya kumi ya chuma, na kilimpa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920. Mchanganyiko wenyewe ni wa kubembeleza. Nikeli ikifika 42, kutanuka kunapanda hadi karibu 5. Ikishuka hadi 22 au 25, unapata chuma kisichoshika sumaku na kinachotanuka kama shaba ya njano. Na hata inva halisi, ikipita nyuzi 200 na kitu, usumaku wake unakwisha na inaanza kutanuka kwa kasi ileile ya metali nyingine, kama vile haijawahi kuwa na adabu. Maelezo ya kina ya kwa nini misukumo miwili inafutana kwa usahihi kiasi hicho yalibishaniwa karne nzima. Mwaka 2023 watafiti wa chuo cha Caltech, Marekani, walipima kila msukumo peke yake, ule wa mtikisiko na ule wa usumaku, na kuonyesha kwamba kweli inalingana na kufutana.

Inva inasimama palepale. Zinazosinyaa kwa nguvu ni nyingine, na nyingi zina manganizi. Kuna naitraidi za manganizi, yaani manganizi iliyoungana na naitrojeni, mfano ile yenye manganizi, galiamu na naitrojeni, ambayo ikifika karibu na joto la chumba hupungua ujazo kwa asilimia moja hivi kwa mpigo, usumaku wake wa ndani unapovunjika. Asilimia moja kwa mpigo haimsaidii mhandisi, ni kama ngazi yenye kidato kimoja. Mwaka 2005 Wajapani wawili, Takenaka na Takagi, walichukua ndugu yake yenye shaba na kubadilisha sehemu ya shaba kwa jemaniamu. Kidato kikageuka mteremko: badala ya kuanguka mara moja, ilisinyaa polepole katika upana wa makumi ya nyuzi, kwa −12 hadi −25 kulingana na mchanganyiko. Yaani inasinyaa kwa kasi ambayo chuma, hata alumini, hutanukia.

Kuna pia manganizi yenye aseniki. Hii ikipashwa hadi nyuzi 40 na kitu hupoteza usumaku na kupunguza ujazo kwa asilimia 2 hivi, ikipoa hairudi mpaka ishuke kama nyuzi 10 zaidi chini. Kuna ya manganizi, kobalti na jemaniamu, ambayo umbo la fuwele lake hubadilika pamoja na usumaku na ujazo unapungua karibu asilimia 4. Hiyo ni kubwa mno kiasi kwamba kipande kizima hujipasua chenyewe kuwa unga. Watafiti huufunga unga huo kwa epoksi ndipo upimike. Na ya lanthanamu, chuma na silikoni, ambayo huzungumzwa zaidi na wanaotaka kutengeneza friji zisizo na gesi. Wapo pia wa kinyume: chuma na rodiamu nusu kwa nusu, ikipashwa hadi kati ya nyuzi 70 na 100 haipotezi usumaku bali inaupata, na ujazo unaruka juu kwa asilimia moja. Inathibitisha kanuni ileile kwa upande wa pili. Ila rodiamu ni ghali mno, kwa hiyo tuishie hapo.

Unauliza kama unaweza kupata kipande ukakitumia. Hizi zinazosinyaa, sahau. Hutengenezwa kwa unga uliofungwa kwenye mrija wa kioo cha kwatsi ulioondolewa hewa, ukapikwa kwenye nyuzi 750 na zaidi kwa siku kadhaa. Zikitoka ni kama vigae: hukerezi, huchomelei, hutoboi. Kazi yake halisi ni kuchanganywa zikiwa unga ndani ya gundi au alumini ili kupunguza kutanuka kwa mwenzake, na hata huko nyufa kati ya punje na gundi bado ni kero. Ile ya aseniki usiitamani kabisa, aseniki ni sumu.

Inva ni habari nyingine, hiyo ni metali ya kweli. Inakerezeka, ingawa ni laini na ya kunata. Hushika ncha ya kisu na kutoa nyuzi ndefu badala ya chembe, kwa hiyo huhitaji kisu kikali, mwendo wa pole na mafuta ya kutosha. Ukiikereza na kuiacha bila kuipasha na kuipoza upya, msongo wa kisu hubaki ndani na kipimo kinahama. Lakini kwa kazi yako haifai. Ukiweka shafti ya inva ndani ya beringi za chuma na nyumba ya alumini, umeongeza mgeni wa tatu kwenye ugomvi. Hata ukitaka kuvalisha ringi ya inva kwa moto kama unavyovalisha beringi, haitafunguka: tundu la milimita 50 la beringi likitoka nyuzi 30 hadi 110 hupanuka maikroni 47 hivi, la inva 5 tu. Utaipiga nyundo mpaka jioni.

Inapostahili ni pale joto linapobadilika sana na umbo halitakiwi kubadilika. Mfano uko jirani. Mradi wa kusindika gesi asilia kuwa kimiminika umepangwa kujengwa Likong'o, Lindi. Gesi hiyo huwa kimiminika kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri. Mita moja ya stenlesi ikipoa kutoka joto la Lindi hadi hapo hupungua kama milimita 2.5 au zaidi. Ya inva, robo ya milimita na kidogo. Baadhi ya meli zinazobeba gesi hiyo zina matangi yaliyotandikwa ndani kwa karatasi za inva zenye unene wa milimita 0.7, zikiwa bapa kabisa. Wanaotumia stenlesi hulazimika kuikunja migongo kama bati ili ipate pa kusinyalia.

Na kama unataka tu kuishika mkononi, huna haja ya kusubiri meli. Fungua pasi ya umeme iliyokufa. Chini ya kitufe cha kuongezea joto kuna kibamba chembamba kinachopinda na kukata umeme: ni metali mbili zilizobanwa pamoja, na upande mmoja, ule usiotanuka, kwa kawaida ni wa ukoo wa inva. Kinafanya kila siku kile ambacho msumeno wako utafanya kwenye ndoo. Kipashe kwa pasi ya kulehemu ukione kikipinda: upande wa ndani ya tao ndio huo wa inva.